Futi Saba kwa Kumi

Nimejenga Nala, nimejenga Ihumwa,
nimemjengea hata mtu aliyetaka choo chake kitazame mlima,
ila sijawahi kukutana na mwenye kiwanja
cha ishirini kwa arobaini, hati mkononi,
akaniambia: fundi, chumba changu cha kulala
kiwe futi saba kwa kumi. Usizidishe hata inchi.

Nikadhani hela imekata.
Kumbe saruji imejaa stoo hadi mlangoni
na nondo ziko chini ya turubai, hazijaonja kutu.

Ndahani Chibago. Miaka kumi na moja kwenye meli za watalii,
si wa usukani, si wa injini: mtandika vitanda.
Vyumba kumi na vinne asubuhi, vile vile kumi na vinne jioni
wageni wakiwa mezani. Anakunja taulo inakuwa tembo,
kesho yake bata, keshokutwa nyani wa kuning'inia kwenye henga.

Alinisimulia tukichimba msingi, vumbi likitupaka unga.
Kuna bibi mmoja, anasema, alilipia siku mia na nane
chumba cha ndani, kisicho na dirisha.
Akitaka kujua kama kumekucha anawasha televisheni,
chaneli ya kamera ya mbele ya meli. Kukiwa giza, analala tena.
Hakulalamika hata siku moja.
Aliyelalamika ni wa ghorofa ya kumi, mwenye sebule na baraza,
kwamba mlango wa kabati unagusa kitanda.

"Na wewe ulilala wapi?"
"Chini ya usawa wa maji. Kitanda cha juu, pazia, taa ya kusomea.
Wa chini yangu Mfilipino, anakoroma kwa vituo.
Pazia nikishalivuta, fundi, hakuna aliyeniita jina."

Sikumjibu. Nilishika futi kamba.
Nyumba ya tembe ya bibi yangu kule Mvumi ilikuwa hivyo hivyo,
unaingia umeinama, giza linakupokea,
na tuliibomoa kwa vigelegele siku bati lilipofika.

Tukavuta uzi wa chumba. Vigingi vinne.
Ndahani akavua viatu, akaingia kwa mahali pa mlango,
hakuvuka uzi, akalala chali kwenye udongo
na kunyoosha mikono. Vidole vya kati
vilibakiza kidogo tu, huku na huku.
Upepo ukampitia juu kwa juu na makaratasi ya saruji.
Akafumba macho. Nikaona kabisa kwamba chini yake kunayumba.

Ndipo Matika akashuka kwenye bodaboda na chupa ya chai.
Akautazama uzi, akamtazama mumewe.
"Kitanda changu ni sita kwa sita. Kitaingia?"
"Kitaingia."
"Na mlango ukifunguliwa?"
Kimya.
"Miaka kumi na moja nimelala upande mmoja wa hicho kitanda,
upande wa pili nimeweka nguo za kupiga pasi.
Leo unapima. Unampima nani?"

Hakuongeza neno. Alimimina chai, mimi kwanza.

Ndahani akakaa kitako, udongo mgongoni,
akahesabu kitu kwa vidole, akahesabu tena.
"Fundi, sogeza uzi."
"Kiasi gani?"
"Muulize yeye."

Matika alipima kwa nyayo zake, kandambili kavua,
hana haraka, akapita kigingi, akapita lundo la mchanga,
nami nyuma yake nimebeba uzi kama mshika shela.

Jioni nikarudi Chang'ombe, chumba changu cha kupanga,
kumi kwa kumi, watu watano na jiko la gesi,
pazia katikati.
Nilipofungua begi la vifaa, juu ya pimamaji
amekaa tembo wa mfuko wa saruji, mkonga juu.
Mtoto wangu wa mwisho akauliza
huyu naye atalala wapi.